Bombardo Lililofukizwa Ubani

Katika fanfari ya misioni ya Kasongo palikuwa na tarumbeta za kila kimo, lakini bombardo lilikuwa moja tu. Ndilo lile tarumbeta kubwa kupita yote, ambalo mpigaji hulikumbatia kifuani kama mtoto aliyelemewa na usingizi, mdomo wake mpana ukitazama juu. Mpigaji wake alikuwa Zéphirin. Kwa kazi alikuwa mkulima wa pamba kama jirani zake, na pamba yake, tuseme kweli, ilikuwa ya kutia haya. Lakini siku ya sikukuu, akilikumbatia bombardo na kuvimbisha mashavu, hata yule agronomu, bwana shamba wa serikali, aliyemwandama mwaka mzima kwa ajili ya magugu alimpisha njia. Zéphirin alilipenda bombardo lile kupita kiasi. Louise, mkewe, alisema waziwazi kwamba nyumba yao ina wake wawili, na yule wa pili hapiki.

Sasa sikukuu ya Sakramenti ilikuwa inakaribia, nayo ilikuwa na sheria yake. Vyombo vyote vya fanfari vililala misioni, isipokuwa juma lile, ambapo kila mpigaji alichukua chake kwenda kukisafisha nyumbani. Asubuhi ya maandamano Padri alipita mbele ya safu na kitambaa cheupe, akapangusa kila chombo mara moja. Kitambaa kikitoka cheusi, chombo kilipewa mtu mwingine palepale, watu wote wakitazama.

Na mtu wa kulipokea bombardo alikuwepo, amekwisha kunawa mikono. Huyo ni Raphaël, msakristia, ambaye katika fanfari alipiga pistoni, kale katarumbeta kadogo ambako watu wa nyuma hawakaoni kabisa. Raphaël alikuwa mtu wa funguo: funguo za kanisa, za divai, za mishumaa, za ubani, na za kabati lililotunza kopo moja la dawa ya kung'arishia shaba. Kopo lile lilipaswa kuwazunguka wapigaji wote. Likazunguka kweli, na lilipomfikia Zéphirin lilikuwa kavu, hata harufu limesahau. Raphaël alimpa pole nyingi, akasema mwaka huu watu wamepaka bila kiasi. Zéphirin akaitazama pistoni ya Raphaël, iliyong'aa hata mtu angeweza kuinyolea ndevu, akaelewa.

Akalichukua bombardo lake nyumbani hivyo hivyo, jeusi kama sufuria ya maharagwe, na kwenye mikunjo ya mabomba limeota ukungu wa kijani. Alisugua kwa mchanga, Louise akapiga kelele kwamba analichubua. Alisugua kwa tambara, tambara likachafuka na bombardo lisijali. Hofu ikamshika. Aliona tayari kitambaa cha Padri kikigeuka cheusi, na mikono ya Raphaël ikinyooka.

Ng'ambo ya migomba yake aliishi Mama Hawa, mngwana, yaani Mwislamu wa mji, mwenye masinia ya shaba aliyorithi kwa bibi yake. Masinia hayo yalijulikana mpaka sokoni. Akiyaanika uani, jua lenyewe lilikuwa linajitazama. Zéphirin akalibeba bombardo mpaka kwake, akaamkia kwa heshima zote, akauliza afya ya nyumba nzima mpaka ya kuku, kisha akaeleza shida yake. Mama Hawa alilizunguka bombardo kama mtu anayenunua mbuzi. Akakubali kuliosha, ila mkono mtupu haulambwi. Binti yake Amisa alikuwa anaolewa Ijumaa hiyo na Faradji, kijana wa Kabambare, na wale wakwe wa Kabambare walikuwa wamemchosha kwa majivuno, eti ngoma za kwao hazina mfano. Mama Hawa alitaka warudi kwao masikio yakiwa yanavuma. Bombardo lingepigwa kwenye arusi.

Padri alikwisha kusema, tena akiwa juu ya mimbari, kwamba chombo cha misioni ni cha misioni, na atakayekipeleka kwenye arusi za wangwana hatakigusa tena maishani. Huku kitambaa, huku mimbari. Zéphirin alipima, akaona kwamba mimbari inahitaji shahidi, lakini kitambaa hakihitaji. Akaitikia.

Mama Hawa alikunja mikono ya gauni. Alichunga majivu kwa kitambaa mpaka yakawa laini kama unga wa mtoto, akakata ndimu, akachovya nusu ya ndimu katika majivu na kuanza kusugua, pole pole, akifuata kila kona. Ndani alipitisha maji ya uvuguvugu na sabuni ya mawese. Yakatoka ya kijani, halafu ya kijivu, halafu safi. Vile vitufe vya kubonyeza Zéphirin alivitia mafuta ya taa mwenyewe. Walipomaliza, bombardo lilikuwa jekundu la dhahabu, na Zéphirin alikaribia kulia.

Akanyoosha mikono kulichukua. Mama Hawa akamzuia, akaagiza chetezo na makaa. Kwa hao wangwana, mtungi ukishaoshwa hugeuzwa juu ya moshi wa ubani ili maji yake yanukie, na yeye hakuona tofauti yoyote kati ya mtungi na bombardo, isipokuwa kwamba bombardo limepindapinda zaidi.

"Chombo chenye hakijafukizwa, bado hakijaoshwa," alisema.

Akaligeuza bombardo, mdomo mpana chini, juu ya chetezo. Moshi ukapanda, ukaingia mabombani, ukapotea huko kwa muda mrefu, mwisho ukachungulia pale pa kupulizia. Ulikuwa ubani mzuri, si ule wa sokoni, na Zéphirin akauliza umetoka wapi. Mama Hawa akacheka mpaka akashika ubavu. Akamweleza kwamba huletwa na mtu mmoja wa kanisa lao, mwenye funguo nyingi kiunoni, ambaye hupitia mlango wa jikoni na kuondoka na bakuli la pilau. Na Ijumaa, siku ya arusi, mtu huyo ameahidi kuja kula palepale, maana pilau ya mbuzi ikipoa si pilau tena. Zéphirin akayameza maneno yale bila kutafuna. Ijumaa, siku ambayo Mkristo haigusi nyama.

Arusi ikafana. Zéphirin alijua nyimbo za kanisa tu, tena upande wa bombardo tu, yaani puu-puu bila wimbo wenyewe. Akachagua wa mazishi, akauharakisha. Vigelegele vikapasua anga, na wazee wa Kabambare wakanyamaza, mmoja ameziba masikio kwa vidole. Nyuma ya jiko Raphaël alikuwa amechuchumaa na bakuli lake, akimtazama Zéphirin kupitia tundu la ua, akiamini kwamba hakuna anayejua kuwa yupo.

Ubaya ulijulikana nyumbani. Louise alimnusa mume shingoni, akalinusa bombardo, akasema kwamba sasa mke mwenzake ameanza kujifukiza. Zéphirin aliosha tena kwa maji ya moto, lakini harufu ikazidi kuamka. Akajipa moyo kwamba itaisha yenyewe.

Asubuhi ya sikukuu Padri alipita na kitambaa chake. Juu ya bombardo kikateleza, kikatoka cheupe vilevile. Harufu hakuisikia, maana yeye mwenyewe alinukia ubani tangu ujana wake. Raphaël alikitazama kitambaa kwa uchungu wa mtu aliyefiwa.

Maandamano yakaanza. Padri alishika Sakramenti, mtumishi wa altare akapunga chetezo, fanfari ikatangulia. Hawajafika hata altare ya kwanza ya njiani, chetezo kikazimika. Padri akaashiria ubani uongezwe. Kopo la ubani likafunguliwa, ndani mna vumbi tu. Padri akawa mwekundu. Ndipo fanfari ikaanza wimbo mwingine, Zéphirin akapuliza kwa pumzi zake zote za moto, na ule moshi uliolala mabombani ukaamka. Ukawajia akina mama wa mbele, ukawajia wa katikati, ukafika mpaka kwa wazee wa mwisho kabisa, ambao kwa miaka yote walikuwa wakiambulia jasho la wenzao tu. Watu wakafanya ishara ya msalaba. Padri hakuifanya. Alikuwa anatazama bombardo.

Baada ya baraka aliwaita Zéphirin na Raphaël ndani ya sakristia, akafunga mlango. Bombardo alilipakata yeye mwenyewe, akanusa, akanusa tena.

"Zéphirin, ubani wangu unafanya nini ndani ya bombardo?"

Raphaël hakungoja. Akasema kwamba alikwisha kuonya zamani, kwamba mikono ya mtu huyu ni mirefu, kwamba kopo lilikuwa limejaa na sasa Padri mwenyewe anajionea. Ya arusi hakuyataja, maana angeulizwa yeye aliyaonea wapi. Alisema mwizi apokonywe bombardo, na kama hakuna mwingine wa kulibeba, basi yeye, ingawa mgongo unamsumbua, atajitolea.

Zéphirin alipima tena. Akisema Mama Hawa, arusi itafuata, na bombardo kwaheri. Akinyamaza, ni mwizi, na bombardo kwaheri vilevile. Akalitazama limelala magotini pa Padri, linang'aa, na uchungu ukamfungua kinywa. Hakumgeukia Padri. Alimgeukia Raphaël, akamuuliza habari za Ijumaa kwa upole, kama watu wanavyojuliana hali:

"Ndugu Raphaël, ile siku ya tano ulishiba muzuri?"

Jasho likaanza kumshuka Raphaël chini ya kola. Alihesabu mwenyewe kichwani: wizi wa ubani, nyama ya Ijumaa, nyuma ya jiko la wangwana. Mchimba shimo huingia mwenyewe, lakini wengine hujua pia kuruka.

"Padiri," alisema hatimaye, sauti imekauka, "ni mimi. Mimi njo nilitia ubani mule. Niliwaza, moshi ya chetezo haifikiake watu wa nyuma. Nikamufukizia Zéphirin bombardo yake, ubani yote ikaishia mule."

"Mu bombardo?"

"Mu bombardo, Padiri."

Padri akawatazama kwa zamu. Kisha uso wake ukalainika. Akasema kwamba tangu afike Kasongo hajaona watu wa nyuma wakisali vile. Wazo ni zuri, ila kumshtaki mwenzako kwa kazi uliyoifanya mwenyewe ni dhambi, na dhambi ina malipizi. Basi kuanzia leo bombardo halitapigwa na mtu mwingine ila Zéphirin, maadamu ana pumzi. Na kulifukiza, kila sikukuu, itakuwa kazi ya Raphaël. Ufunguo wa ubani utakaa mfukoni mwa Padri. Ubani wa bombardo Raphaël autafute mwenyewe.

Sikukuu iliyofuata Raphaël alionekana kwa Mama Hawa, mara hii mlango wa mbele, jogoo kwapani, akiukomboa ule ule ubani aliouleta. Kisha akaja uani kwa Zéphirin, akachuchumaa, akaligeuza bombardo juu ya makaa. Zéphirin alikaa kwenye kiti akila muhogo, akimwonyesha kona zilizobaki. Ndivyo ikawa miaka yote. Raphaël, aliyelitamani bombardo lile kuliko kitu chochote cha dunia, alilikumbatia kila sikukuu asubuhi nzima, machozi ya moshi yakimtiririka. Ila kulipuliza hakuwahi hata mara moja.