Dawa za Marehemu Hezroni

Jumatatu moja ya Februari 1994, saa mbili asubuhi, nesi Felista alifungua dirisha la mapokezi ya dharura katika hospitali ya Itopela akakuta wagonjwa tisa. Akahesabu tena. Jumatatu walikuwa hawapungui mia: wenye homa, watoto wa kuharisha, waliojikata kwa majembe mashambani, foleni hadi kwenye migomba, na mwenye kukata roho yumo katikati yao akingoja zamu yake. Mwezi uliopita mama mmoja alifia kwenye benchi akiwa wa thelathini na nne.

Leo tisa tu, na wote mahututi kweli. Kila mmoja alishika kikaratasi. "Mguu umevunjika, afungwe leo." "Damu imepungua, msimcheleweshe." Felista aliujua mwandiko. Ulikuwa wa Mzee Hezroni, mganga wa zahanati ndogo ya njia ya Ikolo, aliyezikwa miaka miwili nyuma. Felista mwenyewe alipika kwenye msiba ule.

Hilo la kufa halikumsumbua. Kilichomtia shaka ni dawa. Zahanati ile haikuwa na hata aspirini. Wale wengine wote waliobaki kwake anawatibu kwa kitu gani?

Mchana akachukua baiskeli. Mzee Hezroni alikuwa mezani, ndani ya suti aliyozikwa nayo, udongo ungali mabegani, akimpima mtoto homa.

"Mugonile, baba," Felista alimsalimia.

"Ndaga, mwanangu. Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kuona stoo."

Akampa ufunguo. Ndani maboksi yalipangwa hadi darini, kila moja limeandikwa jina la zahanati na mwezi wake, kuanzia mwaka 1988. Klorokwini, penisilini, kwinini.

"Haya ni yale niliyokuwa natumiwa," alisema Mzee Hezroni. "Nikiwa hai halikufika hata moja. Malaria iliponipanda kichwani nilitafuta kwinini humu humu, nikakuta panya." Akamwambia mtoto afumbue mdomo. "Sasa yanafika. Kila alfajiri nakuta boksi mlangoni."

"Nani anayaleta?"

"Sijui. Huku tuliko, kitu hufika kilikoandikiwa."

Felista hakuridhika. Akapitia Bondeni, kwa Salim, mwenye duka la dawa. Salim alikuwa ameketi mbele ya rafu tupu.

"Dada Felista, naibiwa. Kufuli ni zima, makopo yapo, ndani hewa."

"Dawa ulinunua kwa nani?"

Salim alitazama barabarani kwanza. "Kwa Ambrose, wa stoo yenu. Ana mhuri, anakuja na gari la hospitali. Nilidhani soko huria ndilo hilo."

Kesho yake Felista alimweleza Dokta Lazaro, mganga mfawidhi, yote aliyoyaona, mlango ukiwa umefungwa. Dokta alisikiliza bila kumkatiza.

"Huyo marehemu," akauliza mwishoni, "kwa siku anaona wagonjwa wangapi?"

"Tisini. Mia."

"Anadai mshahara?"

"Hadai. Na Ambrose je?"

"Ambrose tumwache. Dawa si zinafika?"

Wiki ile likabandikwa tangazo: wenye homa, kuhara na vidonda vidogo waanzie kwa Mzee Hezroni, mapokezi ni ya mahututi tu. Mapokezi yakapata hewa. Waliokuwa wakifia kwenye benchi sasa walipata kitanda, na ndugu zao wakashukuru, ndaga fijo. Ambrose aliendelea kupakia maboksi, siku hizi mchana kweupe, akimwamkia Felista kwa heshima kuliko zamani. Felista aliitikia huku akimtazama mikono.

Mwezi wa tano Dokta Lazaro akamwita. Foleni ilikuwa imeanza kurefuka tena, na wengi walitoka upande wa Talatala, ambako zahanati haikuwa na dawa.

"Kule hakuna wa kutusaidia kama Hezroni?"

"Nesi wao ni Angetile," alisema Felista. "Yuko hai."

Dokta akaigeuza kalamu yake mezani mara mbili, tatu. Kisha akauliza Angetile ana umri gani, na afya yake ikoje.

Felista akasema hajui, ingawa walisoma darasa moja, akatoka ofisini kinyumenyume.