Kaseti ya Kumtuliza Mzee Eliezeri

Tangu homa ile impande kichwani, Mzee Eliezeri hakukalika. Akiketishwa, huyo amesimama. Akifungiwa mlango, anazunguka na kuta. Eti lori la mkonge linamwacha! Kazi yenyewe ya mkonge aliiacha zamani, nywele zingali nyeusi. Kitu kimoja tu kilimtuliza: Lukia, binti yake, akitikisa kayamba la kwaya. Hapo mzee anakaa, mabega yanashuka, anaomba hata uji.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfunga Lukia huko mlimani Vunta. Mitumba ilikuwa imeruhusiwa, wenzake wameshuka Hedaru kufungua marobota kando ya barabara kuu. Naye alishawekewa nafasi kwenye kibanda cha Mwamvita, ila Mwamvita amechoka kungoja. "Jumatatu usipokuja, nampa mwingine."

Mzee angebaki na Ernesta, mke wa kaka yake Lukia.

"Mimi kayamba silijui, wifi," Ernesta alisema. "Niachie kaseti, nitabonyeza."

Basi Lukia akashuka kwa Melkizedeki, fundi redio wa Hedaru, akalitikisa kayamba, akarekodi upande mzima wa kaseti. Ikatoka safi, mbegu zinalia kama ziko pale mezani.

Nyumbani wakaiwasha. Mzee akasikiliza, akaitambua. "Kayamba hilo." Kisha akasimama, akauendea mlango.

"Ongeza sauti!"

Wakaongeza. Mzee alishafika migombani.

Lukia akarudi kwa fundi, akaitupa kaseti mezani. "Umenirekodia nini wewe?"

"Dada, nimekurekodia kinachosikika," Melkizedeki akasema. "Lakini mbegu zile hutoa na mlio mwembamba mno. Mimi na wewe hatuusikii, kaseti nayo inauacha. Wapo wanaosema ubongo unaupata hivyo hivyo."

"Ubongo usikie bila masikio?"

"Ndivyo nilivyosoma. Mimi sijafungua kichwa cha mtu nikaona."

Lukia akacheka bila kupenda. Akipanda mlima alijipa jibu lake mwenyewe: mlio gani! Mzee anataka mkono wa mwanawe. Ikamuuma, tena ikamfurahisha.

Ila Jumatatu ilikuwa kesho. Akampa Ernesta kayamba, ajaribu ashindwe, maneno yaishe. Ernesta akalitikisa kama anapepeta mahindi mabovu, mdundo huku, mikono kule, mwenyewe anajicheka. Mzee Eliezeri alikuwa ameshika komeo. Akaliachia. Akarudi polepole, akaketi, mabega yakashuka.

"Mama, uji upo?" akamwuliza Ernesta.

"Upo, baba, upo!" Ernesta akaruka. "Umeona, wifi? Nenda zako!"

Lukia akaingia chumbani kufunga nguo. Alichokitaka alikuwa amekipata, na bado vidole vilimtetemeka, fundo halifungiki. Huko sebuleni Ernesta aliendelea kutikisa, vibaya, nje kabisa ya mdundo. Kidogo kidogo Lukia akahisi vidole vyake vinatulia, pumzi nayo inashuka. Hakutaka vitulie. Akayaziba masikio yake kwa viganja vyote viwili, kayamba lisisikike tena, na mwili ukaendelea kutulia vile vile.