Mafuta Yaliyokataa Kuachana na Maji

Walimwita Sekunde, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Miaka tisa, kila saa, alichota kutoka kwenye tangi la kiwanda cha shaba maji ya asidi yenye shaba pamoja na mafuta, akavitia kwenye chupa ya kioo, akatikisa, akaangalia saa yake ya mkononi. Mafuta huinyakua shaba kutoka kwenye maji, kisha huelea juu, na maji hubaki chini. Siku njema huachana kwa sekunde sabini. Leo zilipita mia mbili, na katikati ya chupa povu jeupe lilikuwa limekaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga.

Alitikisa tena, akahesabu tena. Alikwenda mlangoni, akarudi, akakaa, akasimama.

Kwenye jumba la umeme hali ilikuwa mbaya zaidi. Huko ndiko shaba, ikishatolewa kwenye mafuta na kutiwa katika maji mengine, hugandishwa kwa umeme ikawa mabamba mekundu yanayong'aa. Sasa mafuta yalikuwa yakifuatana na maji mpaka huko, na mabamba yalitoka na madoa meusi. Mkuu wa zamu aliwakusanya wote kando ya matangi.

"Kuna mtu katia sabuni," alisema. "Mitaro yote ya hapa inarudi bwawani, na bwawa linarudi kwenye matangi. Sabuni kidogo tu, mafuta na maji hayaachani. Kibao kile pale tumekiandika kwa herufi kubwa kama kichwa changu, lakini wapi! Kikulacho ki nguoni mwako, jamani."

Sekunde alijikuta ameshika mkono wa ovaroli yake. Ilikuwa safi kuliko ya mtu yeyote pale.

Macho ya wengine yalimwelekea mama wa usafi, mwanamke wa makamo aliyeanza kazi mwezi uliopita.

"Mimi napiga deki kwa maji matupu," alisema. "Ndivyo mlivyoniambia siku ya kwanza."

"Saa nane uje ofisini, mama. Uje na kitambulisho chako."

Kila mtu alijua maana yake. Anayekwenda na kitambulisho hurudi bila kazi.

Na Sekunde alimjua mwenye sabuni: ni yeye mwenyewe. Mke wake alikuwa na mimba ya miezi mitatu, na harufu ya mafuta yale ilimtapisha mpaka nyongo. "Baba watoto, chagua," alimwambia, "nguo hiyo au mimi." Basi Jumatatu na Jumatano alifulia kazini, kwenye bomba la nyuma, kwa pakiti nzima ya sabuni ya unga. Aliamini mtaro wa nyuma unatoka nje ya ukuta. Asubuhi hii aliufuata kwa miguu, na ukampeleka moja kwa moja bwawani. Yeye, aliyemhubiria kila mgeni habari ya sabuni mpaka akachoka!

Mtoto yuko njiani, alijiambia. Mama yule atapata kazi kwingine, ufagio uko kila mahali. Akaona aibu, akaenda tena mlangoni. Saa saba na nusu. Saa nane kasoro kumi. Mama wa usafi alikuwa amekaa sakafuni kando ya ndoo yake ya maji, akikunja glavu zake taratibu.

"Kaa basi, mwanangu," alimwambia. "Unanitia kizunguzungu."

Hakukaa. Saa nane ilipogonga aliingia ofisini nyuma yake, na chupa mbili mkononi. Kitambulisho cha mama kilikuwa tayari mezani, na ndoo yake miguuni pake.

"Mkuu, nipe dakika tano," alisema.

Chupa zote mbili zilikuwa na mafuta mapya na maji safi ya asidi. Katika ya kwanza alitia maji kutoka kwenye ndoo ya mama, akatikisa, akahesabu kwa sauti. Sabini na moja. Mstari kati ya mafuta na maji ulikuwa umenyooka. Kisha aliulowesha mkono wa ovaroli yake, akaukamulia ndani ya chupa ya pili, akatikisa. Sabini. Mia. Mia na hamsini. Povu lilikaa vilevile.

"Inatosha," mkuu alisema kwa sauti ndogo.

Sekunde alibandua kitambulisho chake kifuani, akakiweka mezani. Mama alichukua cha kwake.

"Nilikuona Jumatano ukifua," alisema.

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Kwa nani? Nani angemwamini mwenye ndoo mbele ya mwenye saa?"

Alitoka na ndoo yake. Sekunde alibaki amesimama, macho kwenye saa, akihesabu bila kujua aishie wapi.