Acha Nikosee Tena

Katika wiki zake za mwisho kaka yangu hakuweza tena kufunga vifungo vya shati. Mikono iliyozoea kufungua friji mbovu za watu na kuzirudisha nzima ilikuwa imevimba na kutetemeka. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini niliketi ukingoni mwa kitanda chake nikamfungia mimi. Nikikosea tundu, shati likapanda upande mmoja, alitabasamu na kusema kwa sauti ya kuigiza, "Nikimaliza hivi vifungo naondoka. Acha nikosee tena."

Mara ya kwanza nilidhani dawa zinamchanganya.

"Si dawa," akasema. "Ni filamu. Tuliiona wote kwenye banda la video. Wewe ulikuwa umelala mapajani kwangu kama kawaida yako, mdomo wazi."

Akanisimulia. Mwanamume yuko mlangoni na mtoto wake, begi liko chini. Anamfunga mtoto koti. Mtoto anamwambia, umekosea. Baba anafungua vifungo vyote, anaanza upya, anakosea tena, halafu anasema maneno yale. Kilichofuata kaka hakukiona, kwa sababu jua lilikuwa linazama na amri ya mama ilikuwa tuwe ndani kabla giza halijaingia. Alinibeba mgongoni tukatoka.

"Nataka kujua kama yule baba alirudi," akasema. "Nitafutie."

"Filamu ya zamani hivyo, haina hata jina?"

"Si kutwa uko na simu, mdogo wangu? Itumie kwa jambo la maana siku moja."

Nikamwahidi. Tulimzika kabla sijapata hata pa kuanzia.

Baada ya msiba mama aliniomba nikunje nguo za kaka ili ndugu wagawane. Mashati yalikuwa bado yananing'inia kwenye kamba nyuma ya mlango wa chumba chake, jinsi alivyoyaacha. Nilimwambia mama anipe muda, kuna jambo la kaka sijalimaliza. Niliona kama nikiyakunja tu, basi yote yamekwisha, na yeye alikuwa bado ananidai jibu.

"Limalize basi," mama akasema. "Ila usikawie. Kila nikipita pale nadhani kuna mtu amesimama."

Mimi nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi na kupiga chapa. Mwenzangu wa pale aliniunganisha na kundi la simu la wapenzi wa filamu za zamani. Nikaandika kila nilichosimuliwa, koti, begi, vifungo na maneno yale. Majibu yakaanza kumiminika.

"Dada, hiyo si filamu, hilo ni darasa la ushonaji."

"Anaondoka na nini, treni au farasi? Ukisema farasi nakupa jina sasa hivi."

Nikajibu kwamba sijui, mimi nilikuwa nimelala.

"Kwa hiyo tunakutafutia filamu uliyoiota?"

Nikaandika kwamba aliyeiona ni kaka yangu na kwamba amefariki. Zikaja pole nyingi, na baada ya pole watu wakaanza kutafuta kweli. Walinitumia vipande vya kila aina, nami nilivitazama saa ya chakula nyuma ya duka, kati ya makatoni ya karatasi. Baba anaondoka kwa meli. Baba anaondoka akiwa amefungwa pingu. Baba anaondoka na mwanamke mwingine, mtoto yuko dirishani. Sikuwahi kujua kwamba watu wanaondoka kiasi hicho kwenye filamu. Hakuna hata mmoja aliyekosea kifungo.

Mzee mmoja wa kundi lile, aliyejiita Mkanda, aliandika, "Ipo moja ya nchi za theluji. Baba anamfunga mtoto koti mlangoni, anakwenda vitani. Lakini huyo anafunga sawasawa na wala hafungui mdomo. Si hiyo." Nami nikakubali kwamba si hiyo.

Muda ukapita, na watu wa kundi wakarudi kwenye mabishano yao ya kawaida. Mama hakuniuliza kitu, lakini chumba cha kaka alianza kukipita haraka, uso ameugeuza.

Aliyenisaidia ni kinyozi wa mtaa tuliokulia. Banda la video siku hizi ni duka la matairi, lakini yeye bado ananyoa pale jirani, na zamani ndiye aliyekuwa akikaa mlangoni mwa banda kuwazuia wanaopenya bila kulipa. Nilimsimulia akiwa anasafisha mashine yake kwa brashi.

"Unahangaika bure na hao watu wa simu," akasema. "Wao waliona filamu. Sisi tulimsikiliza Spika."

Spika nilimkumbuka hapo hapo, hasa sauti yake. Filamu zilikuja kwa lugha ambazo hakuna aliyezijua mle ndani. Yeye alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, akapunguza sauti ya filamu hadi mwisho, akashika maiki na kuwasemea wote, wanaume, wanawake, polisi na mbwa. Nadhani nilikuwa nalala kwa sababu ya sauti ile.

"Yu hai?"

"Yupo, analinda ghala la saruji nyuma ya kituo cha mafuta. Ila nenda na subira, sauti imemkauka. Mungu naye ana mizaha yake."

Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa waya mguu mmoja, viatu vyeupe kwa vumbi la saruji. Alikuwa mdogo wa umbo kuliko nilivyomkumbuka. Nilipotaja banda la video alinipa kiti, yeye akakalia ndoo aliyoipindua. Nikamweleza kwamba kaka yangu ndiye aliyeiona filamu, mimi nimelala mapajani kwake, kisha nikataja mlango, begi na koti. Nilipofika kwenye maneno yenyewe, aliyamalizia yeye, kwa sauti iliyokuwa ikikwaruza kama mlango wa bati.

"Acha nikosee tena." Akacheka hadi akakohoa. "Hayo ni yangu, dada. Hayamo kwenye filamu."

"Hayamo vipi?"

"Yule baba hasemi kitu. Anamfunga mtoto koti, kimya. Sasa banda halikupenda kimya. Ukinyamaza kidogo tu watu wanapiga miluzi, Spika umelala, Spika umemeza maiki. Ilibidi niseme chochote. Mimi nilikuwa nakaa nimewaelekea watu, televisheni naitazama kwa pembeni. Nikainua macho. Benchi la mbele kuna kijana mmoja, kila siku anakuja na mtoto, na kila siku mtoto analala. Anamvalisha sweta ili waondoke. Anafunga vifungo, macho yako kwenye filamu. Akifika juu, anafungua vyote anaanza upya. Nikamtazama, nikamwelewa. Anajikosesha makusudi, apate kuona kidogo zaidi. Ndipo nikampa yule baba maneno."

Nikasogeza kiti karibu yake.

"Walicheka kwanza," akaendelea, "halafu wakanyamaza wenyewe. Banda zima. Tangu siku hiyo walikuwa wananiomba, Spika, tupe vile vifungo." Akajifuta macho kwa kofia. "Kumbe yule mtoto wa sweta ni wewe. Kaka yako hajambo? Mlete siku moja nimcheke."

"Tumemzika."

Aliivaa kofia yake, akaivua tena. "Pole, dada. Pole sana. Mimi nacheka tu hapa."

"Hukujua."

Lori likaingia, akaenda kufungua geti, akaandika namba ya lori, akarudi. Nikamwuliza kile nilichotumwa kuuliza.

"Yule baba alirudi?"

Aliketi tena kwenye ndoo. "Kwenye filamu hakurudi. Mle bandani alirudi. Mwishoni kuna mtu wa kofia anapita barabarani, mbali, mpita njia tu. Mimi nikasema, huyo hapo baba, amerudi. Watu wametoka makazini wamechoka, nitawaachaje waende kulala na yule mtoto peke yake mlangoni? Mkaondoka nyinyi mapema. Mngekaa kidogo mngenisikia."

Niliporudi nilimwomba Mkanda anitumie ile filamu yake ya theluji, ya baba asiyefungua mdomo. Jina limeandikwa kwa herufi nisizozijua. Niliitazama nyuma ya duka, sauti nimeizima. Mlango upo, begi lipo. Mwanamume anapiga goti, anamfunga mtoto koti toka chini hadi juu, na vidole vyake havisiti hata mara moja. Kila kifungo kinakaa mahali pake. Anasimama, anaondoka. Mwishoni mtu wa kofia anapita barabarani na wala hageuki kuitazama nyumba.

"Ndiyo yenyewe?" Mkanda akaandika.

Nikamjibu, "Ndiyo yenyewe. Ila tuliyekuwa tunamtafuta hayumo." Sijui kama alinielewa. Aliniwekea alama ya mikono iliyokutanishwa.

Jioni ile niliingia chumbani kwa kaka nikayashusha mashati. Mama alikuja na mfuko mkubwa, akasimama karibu yangu akiushikilia wazi.

"Umemaliza jambo lako?"

"Nimemaliza."

Hakuuliza ni lipi. Alitufundisha tangu utotoni kwamba shati halikunjwi mpaka lifungwe vifungo vyote, la sivyo kola inalala vibaya. Kwa hiyo nilikuwa nalitandaza kitandani moja moja, nalifunga, nalikunja, naliweka mfukoni. Yale ya kanisani, yale ya kushindia nyumbani, lile alilonunua kwa ajili ya harusi yangu na kulilalamikia kwa kumbana kwapani. La mwisho lilikuwa la kazini, la kijani, lenye doa la grisi kwenye mkono wa kulia ambalo hakuna sabuni iliyowahi kuliondoa.

Nililifunga toka chini. Nilipofika juu, upande mmoja wa kola ulikuwa umepanda.

"Umekosea," mama akasema. "Tazama, hicho cha pili umekiingiza tundu la tatu."

"Najua, mama."

Nikavifungua vyote, nikaanza upya, nikafika juu. Kola ikapanda tena. Mama alinitazama mikono, kisha akanitazama usoni. Akauweka mfuko sakafuni, akaketi kitandani upande wa pili wa shati.