Anayetangulia Mteremkoni

Mie sikuumbwa na subira, na yeyote aliyepita katika kampuni ya dansi ya baleti ya jiji la Bergen atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Kwa hiyo siku Mwalimu Ragnhild alipotangaza kwamba atakayetangulia mteremkoni ni Sunniva, nilikibwaga kikombe changu cha kahawa mezani nikatoka nje kunyeshewa.

Mteremko wenyewe, njia ya mbao iliyoinama kutoka juu mpaka jukwaani, ulikuwa moyo wa baleti mpya aliyoitunga Ragnhild, kuhusu jinsi ukungu unavyoshuka milimani na kulifunika jiji letu. Wanawake waliovaa nyeupe wanatokea gizani juu kabisa, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja anainua mguu nyuma, anatulia, anapiga hatua, mpaka jukwaa lote linajaa. Anayetangulia huanza peke yake, ukumbi mzima ukimkodolea macho. Yeye akiyumba, wote walio nyuma wanayumba.

Huo ulikuwa msimu wangu wa mwisho, maana goti lilishanipa taarifa. Nilijiunga na kampuni tukiwa watu tisa, tukifanya mazoezi juu ya karakana ya zamani ya tramu, treni za mjini, ndoo zikikinga mvua katikati ya sakafu, na kazi yetu ilikuwa kucheza pembeni kupamba opera, tamthilia za kuimbwa, za watu wengine. Nilikuwa nimebakiza ombi moja tu, kutangulia. Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Mie nilivumilia mpaka zikaoza, halafu akapewa binti aliyetoka shule juzi.

Nilimfuata Ragnhild ofisini, nikamuuliza Sunniva ana nini ambacho mimi sina.

"Hana kitu, Torunn," akasema. "Ila huwezi kumweka nyuma ya mtu. Bado hajui kusikiliza."

Mimi akanipanga wa pili, mgongoni pa Sunniva. Nikaona ananizungusha tu. Sikumwamkia wiki nzima.

Kisha akafunika vioo vyote vya ukumbi wa mazoezi kwa mashuka. Sisi hukua mbele ya kioo, ndicho kinachotuambia kama tumenyooka, lakini jukwaani mbele yako ni weusi mtupu. Alitaka tushikane kwa pumzi: kabla ya kila hatua mstari mzima uvute hewa puani kwa pamoja. Sunniva, mtoto wa kioo, akawa anapepesuka kama mlevi. Nikamtania kwamba kioo chake kimeenda likizo. Alicheka, huku machozi yanamlenga.

Jioni moja tukishona riboni za viatu akanisogelea. "Dada Torunn, kule juu gizani naogopa. Nikikwama, nipite. Usiningoje."

Nikamwambia sawa. Ndiyo sheria yetu hata hivyo, muziki haumngoji mtu. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi.

Usiku wa onyesho la kwanza akakwama kweli. Vinanda vilianza, zamu yake ya kutoka ikafika, na yeye kasimama kama kigingi. Nilikuwa mgongoni pake. Bega langu likampita, mguu wangu ukatoka. Nilikuwa naenda, wala sikusita.

Hapo ndipo nilipowasikia. Nyuma yangu gizani wenzangu wote walivuta pumzi kwa pamoja. Nilikuwa nimeisikia mazoezini nikaichukulia kuwa zoezi tu. Usiku ule ilinisimamisha nywele. Ilikuwa pumzi moja, kubwa, ya kiumbe kimoja, na mimi nilikuwa nimekaribia kujikata kutoka ndani yake.

Nikaurudisha mguu. Nikavuta hewa puani kwa nguvu, kwa sauti, karibu kabisa na shingo ya Sunniva. Mabega yake yakapanda. Akaenda.

Tukashuka. Kwenye kona mteremko unakugeuza, nami nikaona juu yangu weupe ukizidi kumiminika kutoka gizani, bila kelele, bila mwisho. Ukumbini watu wa Bergen, ambao hawaachi kukohoa toka Septemba mpaka Mei, hawakutoa hata mguno. Niliingiwa na hofu, hofu ya mtu anayejikuta mahali patakatifu bila kualikwa. Nilijiuliza ni nani aliyetufanya hivi, sisi wa kupamba opera. Machozi yalinitoka nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja.

Pazia lilipofungwa makofi yalikuwa yanatikisa mbao za sakafu. Nilikaa kwenye sanduku la vyombo vya jukwaa. Goti lilikuwa limevimba, halikunjiki. Sunniva akaja mbio.

"Mbona hukunipita?"

"Nilishaanza kukupita," nikamwambia.

Alinitazama. Akachuchumaa mbele yangu, akaupakata mguu nisioweza kuukunja, akaanza kunifungua riboni za kiatu polepole, nami nikamwacha.