Misumari ya Tarishi

Fundi cherehani alikuwa akikunja upindo wa gauni la bibi harusi, pini tatu zimebanwa midomoni, aliposema na binti yake bila kuinua macho.

"Kamwambie yule baba yako chai inapoa. Na kama anangoja nimpelekee kwa magoti, atangoja mpaka aote mizizi kama magogo yake."

Binti, mwenye miaka tisa, akavuka uwanja, hatua kumi na mbili, akaingia karakana ya baba yake.

"Baba, mama anasema karibu chai."

Seremala akapuliza vumbi la randa. "Mwambie mama yako mimi si mbwa wa kuitwa kwa sahani."

Akarudi hatua zilezile. "Baba anasema ahsante, anakuja."

Wenye nyumba hiyo walikuwa wakizungumza hivyo tangu mwaka uliopita. Mke alisema mumewe ametengeneza milango ya mtaa mzima, na jikoni kwake pananing'inia pazia. Mume akajibu kwamba mkewe anavalisha maharusi, na shati lake yeye halina kifungo hata kimoja. Baada ya hapo hawakusemeshana tena. Walijisifu kwa majirani kwamba hawagombani mbele ya mtoto, na ilikuwa kweli. Waligombana ndani yake. Majirani wakamwita Tarishi, naye akaitika.

Basi yale maneno aliyoyapunguza njiani hayakupotea. Kila neno la mama alilolimeza liligeuka pini, na la baba likawa msumari, vyote vikimwangukia katika mifuko ya sketi. Mwanzoni kimoja kimoja, kisha kiganja kizima. Tarishi aliona ni mzigo kama mizigo mingine. Akaacha kuruka kamba, akawa anatembea ameshika kiuno kama mama mjamzito.

Aliyekaa naye dawati moja alisogea kuchungulia hesabu, pini ikamdunga paja. Wiki iliyofuata msichana mwingine alimtania mstarini: "Tarishi, leo umetumwa wapi?" Zamani Tarishi angecheka naye. Siku hiyo alitia mkono mfukoni, akatoa msumari, akamchana mwenzake kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono.

Mwalimu akaita wazazi. Akijeruhi mtoto mwingine mmoja, alisema, hatakuwa na nafasi hapa. Tarishi alisimama karibu na dirisha. Shule ndiyo ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyemtuma kitu.

Mwalimu akamimina kopo juu ya meza. "Hivi vimetoka mifukoni mwake kwa siku tatu. Anasema ni maneno yenu."

Seremala akaokota msumari, akauinua kwenye mwanga. "Inchi tatu. Huu wangu."

"Na pini hizi zangu," fundi akamwambia mwalimu, akijaribu moja kwenye kitambaa cha meza. "Hazikwami. Dukani sijaona kama hizi."

"Mwalimu, mwambie huyu mama zake ndizo nyingi."

"Mwalimu, mwambie huyu baba pini mia hazitoboi mguu kama msumari mmoja."

Mwalimu akafungua mdomo, akaufunga. Akapapasa mfuko wa koti lake, akatoa pini, akaiweka pamoja na zile nyingine.

"Kwani mkiongea wenyewe?" Tarishi akauliza.

"Mwanangu," mama akasema, "watu wazima wanazungumza."

Wakaelewana upesi, kupitia kwa mwalimu. Fundi angeshona mifuko miwili ya turubai, pini zisichomoze. Seremala angetengeneza kiti cha mtu mmoja, kikae nyuma kabisa ukutani, mbali na watoto wa watu. Mwalimu akashukuru kwa ushirikiano. Wakagawana vya mezani, kila mtu vyake, wakaondoka, Tarishi akitembea katikati.

Kesho yake asubuhi mama alimtuma tena. Chai, magoti, mizizi, na kwa ziada, kwamba huyo baba ana moyo wa mbao mbichi. Tarishi akavuka uwanja. Mbele ya meza ya randa akasema lote, neno kwa neno, bila kupunguza.

Akasikiliza. Mifukoni hakukuanguka kitu. Sketi ilikaa sawa kiunoni, na miguu yake ikawa miepesi kama ya mtoto wa miaka tisa.

Seremala akaweka randa chini, akampiga kofi.

"Huo ndio utovu wa adabu anaokufundisha? Rudi ukamwambie nimemwoa yeye, sikuoa mdomo wake. Na laiti ningejua, nisingeoa hata kimoja."

Tarishi akarudi, shavu linamwaka. Hatua ya nne alisimama, akatazama njia ya kwenda shule, akaendelea.

"Amesemaje?" mama akauliza.

"Amesema ahsante. Anakuja."

Kikasikika kishindo kizito, na sketi ikashuka upande wa kulia. Fundi akaacha cherehani, akatia mkono katika mfuko wa turubai, akatoa msumari wa inchi sita, bado una joto. Akaupangusa kwa khanga.

"Mpelekee baba yako," akasema. "Mwambie asije akadai simjali."