Swali la Bibi Feza

Miaka ile misafara ya pwani ilipokuwa ikijaa Kabambare na kumaliza chakula chote, aliyetegemewa kuilisha alikuwa Bibi Feza wa Kasongo. Mumewe alikufa akamwachia mashamba ya mpunga, wapagazi thelathini wa kukodi, na kiongozi wao Faradji, mtu mpole aliyeijua njia ya Kabambare kama ua wa nyumba yake.

Masika ya kwanza ya ujane wake, mto wa katikati ya njia ulifurika. Faradji alitaka kungoja. Feza akasema vukeni. Wakavuka salama, mchele ukafika kabla ya wa mtu mwingine yeyote, na mji mzima ukamsifu. Hilo ndilo lililomponza. Alidhani ni akili, kumbe ilikuwa bahati.

Masika ya pili mto ulifurika tena, akamwita Faradji na wapagazi barazani.

"Mutavuka, ama mutaniaibisha?" aliuliza.

Faradji alifungua mdomo, akamtazama, akaufunga. Siku nne baadaye kamba ya kivuko ilikatika. Watu tisa walikwenda na maji, Faradji mmoja wao.

Tangu hapo Feza hakuwa peke yake barazani. Kila alipotaka kuamua jambo, hata dogo, Faradji alikuwa pale karibu na mlango, nguo zimemganda mwilini, mdomo nusu wazi kama mtu aliyekatizwa. Hakumtisha wala hakumlaumu. Alingoja tu. Assumani, mdogo wake Feza, hakuona kitu. Mwalimu aliitwa akasoma dua, mbuzi akachinjwa, wafiwa wakapelekewa mchele. Faradji akaendelea kungoja. Mwishowe Feza akaacha kuamua kabisa, na ndege wakala mpunga shambani huku watu wakisubiri neno lake.

Ndipo alipokwenda kwa Amisa, mjane wa Faradji. Amisa alimtandikia mkeka, lakini hakumpa maji ya kunywa.

"Kabla ya kuondoka, alisema nini hapa nyumbani?" Feza aliuliza.

Amisa aliendelea kuchambua sombe, yale majani ya muhogo. "Alisema mto hauvukiki mpaka siku kumi zipite."

"Mbona hakuniambia?"

"Ulimuuliza?"

"Nilimuuliza."

"Alisema uliuliza huku jibu iko mukononi mwako tayari. Mutu wa kukodi atasema nini hapo?"

Feza aliinuka mkekani. Alirudi kwa njia ya sokoni, na nyuma yake alisikia hatua za miguu iliyolowa. Hakugeuka.

Kiangazi kilipoingia, habari zilikuja kwamba msafara mkubwa umepiga kambi Kabambare na unatafuta mchele. Jirani yao Zuberi alikuwa anafunga mizigo tayari. Feza akawaita watu wake wote, hata Mwanvua, mkubwa wa watwangaji, ambaye hakuwahi kukanyaga baraza ile. Faradji alikuwa mlangoni.

"Sitasema ninalotaka," Feza alisema. "Tuchukulie mchele umekwenda na safari imeharibika. Kila mutu aniambie imeharibiwa na nini."

"Dada, huko ni kujitabiria mabaya," alisema Assumani.

"Ndiyo. Anza wewe."

Alianza kwa kigugumizi, akataja wanyang'anyi. Wengine wakataja mto, njaa, wapagazi kutoroka. Mwanvua alikuwa wa mwisho.

"Ndui, bibi. Wanawake wa kile kijiji cha kivukoni hawaji sokoni, wiki ya pili sasa. Wanalala mashambani na watoto wao."

Hakuna mwanamume aliyekuwa ameliona hilo. Feza alitupa jicho mlangoni. Kwa mara ya kwanza Faradji hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa anamsikiliza Mwanvua.

Feza akatuma kwanza wapagazi wawili wenye makovu ya ndui ya zamani, watu ambao ugonjwa ule haungewarudia. Walirudi siku ya nane. Nyumba nne zilikuwa zimechomwa, makaburi yalikuwa mabichi. Mchele ukabaki ghalani.

Zuberi alikwenda. Alirudi na pembe na vitambaa, na watu wake wote wazima, hata mmoja hakushikwa na homa. Mchele wa Feza uliingiwa na wadudu, ukauzwa Nyangwe kwa bei ya kutupa.

"Umeona sasa?" Assumani alimwambia.

"Nimeona. Zuberi amevuka kama nilivyovuka mimi ile masika ya kwanza."

"Basi utajuaje kama uliamua vizuri?"

"Sitajua," Feza alisema. "Najua tu safari hii niliuliza."

Wiki ile ile akawaita tena watu wake, kwa habari ya shamba la juu. Faradji alikuja, maji yakimchuruzika. Feza alimsogezea nafasi mkekani, kisha akamgeukia Mwanvua na kumngoja aseme.